Gurudumu Dogo, Ubavu Mrefu: Kushusha Gari la Zamani, kutoka Los Angeles hadi Busawe

Busawe gari huinuliwa, halishushwi. Katika kata hii ya wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, Probox ya abiria, ile ambayo watu wa Kanda ya Ziwa wanaiita mchomoko, huwekewa spesa kwenye springi na kuvalishwa matairi ya plai sita, ndipo iingie njia za kwenda Mugumu au Nyamongo. Noah nayo hufanyiwa hivyo hivyo. Aliyepita huko wakati wa masika haulizi sababu. Maji huchimba mikondo miwili ya magurudumu na kuacha tuta katikati, mawe hutokeza kwenye miinuko, na mabondeni udongo mweusi ukishalowa hushika kila kinachougusa.

Upande wa pili wa dunia, mashariki mwa Los Angeles, vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko walifanya kinyume. Tangu miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia walinunua Chevrolet zilizokwishatumika, wakapakia mifuko ya mchanga kwenye buti au wakakata springi, kisha wakaziendesha polepole Whittier Boulevard ili kila aliyekaa kibarazani azitazame hadi zipotee. Magari hayo yakaitwa loraida, na wenye nayo wakaitwa hivyo hivyo. Kasi haikuwa shabaha yao. Walitaka waonekane, katika mji ambao haukuwa na haja ya kuwaona.

Ninachokiamini nakisema mapema. Desturi hizi mbili, moja ikivuta gari juu na nyingine ikilivuta chini, zinakutana kwenye gurudumu. Zote mbili zilichagua rimu ndogo na tairi lenye ubavu mrefu. Kwa hiyo mwenye Corolla au Datsun ya zamani, anayetaka ikae chini kidogo na bado imfikishe Busawe, atajifunza mengi kwa loraida wa California kuliko kwa picha za simu zinazoonyesha rimu za inchi 17 zilizobandikwa tairi jembamba kama mkanda. Na nikilinganisha desturi, nalinganisha kwa futi ya fundi mkononi, kwa sababu uzuri wa gari la zamani unaanguka mara tu tairi linapoanza kukwaruza madigadi.

Tuanze na wa California, maana wao ndio waliolazimishwa na sheria kufikiri. Mwaka 1958 jimbo hilo lilianza kutumia kifungu cha 24008 cha sheria yake ya magari, kilichokataza gari lililobadilishwa kuwa na sehemu yoyote ya bodi iliyo chini ya ukingo wa chini wa rimu. Tazama kipimo kilichochaguliwa: rimu. Mtunga sheria hakutaja sentimita kutoka ardhini. Alilinganisha bodi na gurudumu lake, na papo hapo saizi ya gurudumu ikawa suala la kisheria. Mwenye rimu kubwa ana ukingo wa chini ulio karibu zaidi na ardhi kuliko mwenye rimu ndogo, kama kimo cha tairi zima kinalingana. Rimu ndogo yenye ubavu mrefu inainua mpaka huo, kwa hiyo mwenye kushusha alikuwa amejiwekea kizuizi kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1959 Ron Aguirre, kijana wa San Bernardino mwenye Corvette aliyoiita X-Sonic, alipata jibu: alifunga pampu na silinda za haidroliki zilizotoka kwenye vifaa vya ndege, gari likawa linapanda na kushuka kwa swichi. Polisi akitokea, gari liko juu. Polisi akipita, linalala tena. Kifungu hicho hakikuondolewa hadi sheria mpya ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024.

Kilichonivutia zaidi ni matairi waliyobaki nayo. Chevrolet Impala ya 1964, ambayo ndiyo gari lililopendwa kuliko yote katika desturi hiyo, ilitoka kiwandani na rimu za inchi 14. Loraida wakashuka badala ya kupanda: rimu za spoku za inchi 13, upana wa inchi 7, zilizotumbukia ndani kiasi cha kuonyesha bakuli, na juu yake tairi la 155/80R13. Msomaji wa Mara aisome tena namba hiyo. Ni saizi ya gari dogo la nyumbani, saizi ya Corolla ya zamani. Watu hao walichukua tairi la kigari cha Kijapani wakaliweka kwenye gari la Kimarekani lenye urefu wa zaidi ya mita tano, kwa sababu gurudumu dogo linaacha bodi ikae chini bila kugusa na bila kukata chuma cha madigadi. Ubavu ukabaki milimita 124, mrefu wa kutosha kuonyesha ule mstari mweupe wanaoupenda.

Wanastahili sifa kwa jicho lao, lakini katika hesabu ya mzigo siwafuati. Tairi la 155/80R13 kwa kawaida huandikwa namba ya mzigo 79, maana yake linabeba kilo 437. Mara nne ni kilo 1,748. Impala ikiwa tupu inazidi tani moja na nusu, kisha inaongezwa pampu, betri kadhaa kwenye buti, na watu. Linalobaki ni kidogo mno. Tena tairi hilo limekusudiwa rimu ya upana wa inchi 4 hadi 5.5, na wao wanalivuta juu ya inchi 7. Wanaweza kuishi hivyo kwa sababu wanaendesha polepole, juu ya lami, Jumapili. Masharti hayo matatu ndiyo yanayolinda tairi lao, na ukiyachukua magurudumu yao bila masharti yao umechukua nusu ya desturi.

Wajapani walikwenda njia nyingine. Magari yao ya shakotani, Skyline na Laurel za miaka ya 1970, yalishushwa na vijana waliokuwa wakiiga magari ya mashindano ya Fuji, wakaweka rimu pana kupita kiasi na tairi jembamba lililonyooshwa mpaka ubavu wake ukalala kama paa la nyumba. Hata huko ipo kanuni inayowarudisha: ukaguzi wa gari nchini Japani unataka nafasi ya sentimita 9 kutoka ardhini hadi chini ya gari, na rimu isitokeze nje ya madigadi. Sentimita 9 kwenye lami ya Yokohama zinatosha. Kwenye njia ya Busawe, tuta la katikati peke yake linaweza kuzidi hapo. Tairi lililonyooshwa lina hatari nyingine: mdomo wake haukai sawasawa kwenye rimu, upepo ukipungua kidogo na gurudumu likaingia shimoni kwa ubavu, mdomo unaachia na tairi linatoka lote kwa mkupuo. Kwa hiyo shakotani naiheshimu kwa mbali. Nayataja magari hayo kwa sababu sehemu kubwa ya magari yetu yanatoka Japani yakiwa yametumika, na pamoja nayo huja rimu pana zenye historia ambayo mnunuzi wa Musoma au Tarime haijui.

Kwetu Afrika Mashariki somo kubwa la tairi na barabara lilitoka kwenye mashindano ya magari ya Safari. Mashindano yalianza 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na miaka mingi njia zake zilikuwa hizi hizi za vumbi na matope tunazozifahamu. Mwaka 1963 magari saba tu yalimaliza. Mwaka 1968 saba tena. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la familia lenye rimu za inchi 15 na matairi membamba yenye ubavu wa kushiba. Kisha likaja 504, Pijo ya wazee wetu, lililoshinda 1975 na 1978, na ambalo Kenya iliendelea kuliunganisha hadi 2004. Mwendo wa springi katika Pijo hizo ni mrefu na laini. Gurudumu linashuka shimoni na kupanda, na abiria wa nyuma haamki. Sehemu ya ulaini huo ni tairi lenyewe. Ubavu mrefu ni springi ya kwanza, inafanya kazi kabla ya ile ya chuma kujua kuna jiwe.

Wanaodhani hayo ni ya kale watazame mashindano ya dunia yalivyorudi Kenya mwaka 2021, kwenye njia za Naivasha. Magari yale yenye teknolojia ya hali ya juu, kwenye barabara ya vumbi huvaa tairi la 205/65 la rimu ya inchi 15. Kwenye lami huvaa 235/40 la inchi 18. Wenye uwezo wa kununua rimu yoyote duniani, wakiambiwa watapita kwenye mawe, wanashuka inchi tatu na kuongeza ubavu kutoka milimita 94 hadi 133. Mtu aliyeivalisha Corolla ya zamani rimu za 17 ili ipite Nyamongo anapingana na Los Angeles na Naivasha kwa pamoja.

Ipo pia desturi ya kutogusa kitu. Jijini Nairobi, tangu 1970, hufanyika Concours d'Elegance, ambapo waamuzi hukagua gari la zamani hadi chini ya bodi, na mwenye gari hupambana kulirudisha alivyolikusudia mtengenezaji. Nawapenda watu hawa kwa jambo moja linalomfaa hata mwenye kushusha: wanajua namba ya awali. Kabla hujabadilisha gurudumu, ijue saizi lililozaliwa nayo gari, kwa sababu kila hesabu inaanzia hapo.

Basi tuchukue gari moja na tulifanyie hesabu. Corolla KE70 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, shokapu za mbele zimesimama ndani ya springi, nyuma kuna difu la chuma kizima. Tairi lake la kawaida ni 155R13, ambalo leo huandikwa 155/80R13. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana: asilimia 80 ya 155 ni 124. Inchi 13 ni milimita 330. Jumlisha mbavu mbili na rimu, unapata kimo cha milimita 578. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwa chaki ukutani gereji.

Sasa angalia yanayowezekana. 175/70R13 inatoa 575, karibu kimo kile kile, ubavu milimita 122, na namba yake ya mzigo ya kawaida ni 82, yaani kilo 475. 185/60R14 inatoa 578 kamili, ubavu 111. 195/50R15 inatoa 576, ubavu 97. Ukiendelea hadi 205/40R16 unapata 570, ubavu 82, na 215/35R17 inatoa 582 na ubavu wa 75. Kimo hakibadiliki sana katika orodha yote hiyo. Kipima mwendo hakitalalamika, gia hazitabadilika hisia. Kinachotoweka ni ubavu: milimita 49 za mpira na upepo zimegeuka kuwa aloi. Ukigonga jiwe kwa ubavu wa 122, tairi linajikunja na kurudi. Ukiligonga kwa 75, rimu inakunjika au inapasuka, na fundi wa kuchomelea aloi hayuko kila kijiji.

Wengine wanashusha kwa tairi lenyewe, wanavaa 185/60R13 yenye kimo cha 552. Gari zima linashuka milimita 13, na kipima mwendo kikisema 100 gari liko 95 na ushei. Hapa kuna jambo ambalo nimeona likichanganywa hata na mafundi wazuri. Springi fupi inashusha bodi. Difu linabaki pale pale, kwa sababu kimo cha difu la chuma kizima kinaamuliwa na nusu ya kimo cha tairi peke yake. Tairi fupi linashusha vyote, bodi na difu. Katika njia yenye tuta katikati, difu ndilo linalolima kwanza upande wa nyuma. Kwa hiyo kwenye KE70 ya Busawe tairi libaki na kimo cha 575 au 578, na kushusha kufanywe kwa springi, kwa kiasi. Mbele hali ni tofauti kidogo: sampu ya oili na chuma kinachoishikilia injini vinashuka pamoja na bodi, na bomba la ekzosi linafuata. Kipimo changu kwa njia zile ni sentimita 3 mbele, na nyuma sentimita 2 au zisiwepo kabisa ikiwa gari litabeba watu. Atakayetaka sentimita 6 aliache gari mjini.

Springi isipashwe moto. Kuna wanaoipasha kwa gesi hadi ikalala, na chuma kinapoteza ugumu wake. Gari linakaa chini wiki ya kwanza vizuri, kisha linaendelea kushuka lenyewe, upande mmoja zaidi ya mwingine. Kukata pindi moja kwa grainda ni afadhali, ingawa springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi na fupi zaidi, na gari likinyanyuliwa kwa jeki inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake. Kamba ya chuma au mkanda wa kuizuia unagharimu kidogo kuliko ajali.

Tukija kwenye rimu, mtego wa kwanza upo kwenye nati. KE70 ina nati nne zilizo kwenye duara la milimita 114.3, sawa na Datsun 1200. Vitz, IST, Starlet, Probox na Corolla za mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kawaida zina nati nne kwenye duara la milimita 100. Kwa macho zinafanana, na soko la mtumba limejaa hizo za 100. Nimesikia habari za watu kutanua matundu kwa drili ili rimu iingie. Hilo nalikataa bila maelezo marefu: nati iliyokaa kwenye tundu lililopanuliwa haina pa kuegemea, na gurudumu litalegea. Hata duara likilingana, tundu la katikati la Toyota ndogo za sasa ni dogo kuliko habu ya zile za zamani, kwa hiyo rimu inaweza kukaa ikining'inia milimita chache mbele ya habu, nati zikidhaniwa zimekaza.

Mtego wa pili ni ofseti, yaani umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu. Namba ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani. Ikipungua, inatoka nje. Tuseme rimu ya zamani ni inchi 5 na ofseti 20, nawe umepata ya inchi 6 yenye ofseti 10. Inchi moja iliyoongezeka inagawanyika pande mbili, milimita 12.7 kila upande. Ofseti iliyopungua inasukuma rimu nzima nje milimita 10. Kwa hiyo ukingo wa nje unatoka milimita 22.7, na wa ndani unaingia karibu milimita 3 tu. Ndani pako salama, shokapu halitaguswa, lakini nje sasa kuna tairi lililosogea zaidi ya sentimita mbili kuelekea mdomo wa madigadi, na gari limeshushwa. Ndipo matatizo yanapoanza kwenye kona ukiwa na abiria watatu nyuma. Usukani nao unakuwa mzito na bearing za mbele zinachoka mapema, maana uzito sasa unazivuta kutoka mbali. Wanaoinua Probox wakaongeza spesa za pembeni ili ionekane pana wanajitakia maumivu hayo hayo.

Namna ya kupima ni ya zamani na haijapatikana bora. Toa springi upande mmoja, funga gurudumu unalolitaka, kisha pandisha habu kwa jeki taratibu hadi mpira wa kuzuia ubonyee kabisa. Hapo gurudumu liko mahali ambapo halitapanda zaidi kamwe. Zungusha usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, ukitazama mdomo wa madigadi, kona ya bampa, mkono wa chini na bomba la breki. Nafasi ya kidole kila mahali inatosha kwenye lami. Busawe haitoshi, na sababu yake ni tope. Udongo mweusi hushika tairi, unapanda nalo, unajaa ndani ya madigadi tabaka juu ya tabaka mpaka gurudumu linaanza kusaga udongo badala ya kuuacha. Gari lililoinuliwa lina nafasi ya kulimeza tope hilo. Gari lililoshushwa linasimama, na dereva anashuka na kijiti kuchokoa. Kwa sababu hiyo natetea tairi jembamba: 155 au 175 linakata tope na kubeba kidogo, 195 linaviringisha tope jingi na kulipeleka juu.

Volkswagen Beetle inataka kusemwa kando, kwa sababu bado yapo majumbani mwa watu yakisubiri siku yao, na kwa sababu kulishusha hakufanani na gari jingine. Nyuma halina springi ya kuzunguka. Lina nondo inayojipinda, yenye meno 40 ncha ya ndani na 44 ncha ya nje. Ukigeuza jino moja ndani unapata digrii 9, jino moja nje unapata digrii 8 na dakika 10. Ukigeuza ndani upande mmoja na nje upande wa kinyume, tofauti inayobaki ni dakika 50 tu, chini ya digrii moja. Waliolibuni walimpa fundi wa kijijini uwezo wa kuchagua kimo kwa uangalifu mkubwa, bila kukata wala kupasha chochote, na likirudi mikononi mwa asiyependa kulishusha linarudishwa lilivyokuwa. Hakuna kushusha kulikojaa adabu kuliko huko. Ila Beetle za mwanzo, zile ambazo mhimili wa nyuma unapiga kama bawa, zikishushwa magurudumu ya nyuma hulalia ndani kwa juu, na tairi huliwa bega la ndani. Rimu zake za inchi 15 ni nyembamba, inchi 4 au 4.5, za tairi la 165R15. Wauzaji watakupa 195/65R15 kwa sababu ndilo lililojaa madukani, lakini hilo linataka rimu ya inchi 5.5 kwenda juu, kwenye 4.5 linabinywa, katikati linavimba na kuisha peke yake. Tafuta 165/80R15 hata kama itachukua muda.

Nimeeleza kwamba loraida wana haidroliki, vimo viwili katika gari moja. Nadhani mchomoko wa Mara nao una vimo viwili, ila hauna swichi. Unainuliwa ukiwa mtupu. Ukishajaza abiria, magunia na kuku juu, springi zinalala na gari linarudi kwenye kimo cha kiwandani, pengine chini yake. Mtu anayeiona Probox tupu imesimama kituoni, pua chini na mkia juu, anadhani ni urembo. Ni hesabu ya mzigo iliyofanywa mapema. Aguirre alitaka gari liwe chini, na liwe juu polisi akitokea. Dereva wa mchomoko anataka liwe juu likiwa tupu ili likijaa lisiguse. Wote wawili walikataa kimo kimoja alichowapa mtengenezaji, na kila mmoja alianzia kwenye swali la lini gari litakuwa na nini ndani na juu ya barabara gani. Mwenye KE70 aliyeshusha akiwa peke yake gereji, tangi likiwa nusu, hajauliza swali hilo bado. Ni lazima apime tena watu wanne wakiwa wamekaa.

Liko jambo la umri wa tairi, nalo linawahusu zaidi wenye saizi za zamani kwa sababu aghalabu wanaishia kwenye mtumba. Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kashata inaweza kuwa nzima na mpira ukawa umekufa. Ukiukunja kwa mikono unaona nyufa ndogo chini ya kashata. Kwa gari lililoshushwa, ambalo tairi lake linapigwa zaidi kwa sababu springi imefupishwa, tairi la namna hiyo silinunui kwa bei yoyote.

Kwa mwenye Datsun 1200 mambo ni mepesi kuliko anavyodhani. Rimu zake za inchi 12 zilionekana zimepitwa na wakati, hadi kirikuu, kile kilori kidogo cha mizigo, ilipoingia nchini na kuleta 145R12 ya kubebea mzigo kila mji mdogo. Kimo chake ni milimita 542 hivi, dhidi ya 550 za 155R12 ya Datsun. Gari linashuka milimita 4, ubavu unabaki mrefu na mgumu, plai sita, na unaponunua manne unanunua na la tano la saizi ile ile. La tano silitaji kwa kupita. Wengi wakibadilisha rimu huacha tairi la akiba la zamani kwenye buti, lenye kimo kingine na nati za urefu mwingine, kwa sababu rimu za aloi ni nene na za chuma ni nyembamba. Siku likipasuka la nyuma katikati ya Busawe na Mugumu, wanalifunga hilo, difu linaanza kuzungusha magurudumu mawili yenye vimo tofauti kilomita baada ya kilomita, oili inachemka, na nati ndefu za aloi zinafika mwisho wa uzi kabla ya kubana chuma. Kwa hiyo chukua rimu tano, matairi matano, na seti mbili za nati ikiwa rimu ya akiba ni ya chuma, kila seti kwenye mfuko wake pamoja na spana.